Je, wajua kwa nini picha za rangi za zamani hugeuka nyekundu hata zikifichwa gizani?

Shangazi yangu alipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga mwaka 1984, enzi za mujibu wa sheria, yaani mafunzo yalipokuwa ya lazima, mara tu alipomaliza kidato cha sita. Kila wenzake wa kombania wanapokutana kwake Mbagala, chai ikishamiminwa bahasha hutolewa, picha zikatandazwa mkekani na ubishi ukaanza: huyu nani, yule aliishia wapi, nani alikutwa amelala lindoni.

Mwaka juzi ubishi ulikuwa wa rangi. Katika picha moja misonobari iliyo nyuma yao imekuwa kahawia kama majani makavu, anga limepiga uwaridi, na nywele za kila kuruta ni kama zimepakwa hina. Mzee mmoja akasema ndivyo kulivyokuwa, vumbi la Mafinga lilikuwa likifika mawinguni. Mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikatangaza kwamba ni jua: shangazi aliitundika ukutani, ikaungua.

Shangazi akanitazama. Picha ile, akasema, haijawahi kuona ukuta. Tangu iliposafishwa imelala ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge vyake.

Nilikuwa nimekosea, na wengi hukosea hapohapo. Tumezoea kwamba jua ndilo linalochujua: kanga iliyoanikwa mno, bati lililopakwa rangi, kiti cha plastiki barazani. Kwa hiyo tukiona picha imeharibika tunamtafuta mtu aliyeiacha juani. Lakini hebu pita kwenye saluni yoyote ya kinyozi na utazame lile bango la mitindo ya nywele lililobandikwa mlangoni kwa miaka. Limekuwa la buluu. Vichwa vya buluu, nyuso za buluu, kama watu waliokufa maji. Hiyo ndiyo kazi ya jua kwa wino wa uchapaji: nyekundu na njano hutangulia kuondoka, buluu hubaki. Hata picha za kamera za zama zile, zikiachwa kwenye mwanga mkali, mara nyingi zilipoteza wekundu kwanza. Kama jua ndilo lingekuwa mkosaji, basi, picha ya shangazi ingetarajiwa kuelekea ubuluu, si wekundu.

Mkosaji yumo ndani ya picha yenyewe. Karatasi ya picha ya rangi ina matabaka matatu membamba ya gelatini, kila moja na rangi yake: njano, majenta (ile nyekundu inayoelekea zambarau) na sayani (samawati inayoelekea kijani). Wachukulie kama walinzi watatu waliosimama mbele ya ukuta mweupe. Mwanga wa chumbani unapoingia, kila mlinzi ana mtu mmoja tu anayemzuia. Njano humzuia buluu. Majenta humzuia kijani. Sayani humzuia nyekundu. Wote watatu wakiwa macho, hakuna anayerudi nje, nasi tunaona weusi. Wote wakiwa likizo, kila mwanga hurudi, tunaona weupe.

Sasa mlinzi sayani ameanza kuzeeka. Hakuna aliyempiga wala kummulika. Amezeeka tu kazini. Molekuli zake, hasa katika karatasi nyingi za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilivunjika polepole hata gizani. Akisinzia, nyekundu anapita bila kuulizwa. Ndipo nywele nyeusi zinapopata hina. Anga, ambalo karibu lote lilimtegemea yeye, linapauka na kuwa la waridi. Msonobari ulikuwa kijani kwa sababu sayani na njano walishirikiana. Mmoja akiondoka unabaki na njano na uchafu, yaani msonobari wa kiangazi. Juu ya hayo, kemikali zilizosalia ndani ya karatasi nazo hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na wekundu unakuwa kama wa machungwa.

Kinachomharakisha mlinzi huyu kuzeeka ni joto, na unyevu humsaidia. Wahifadhi wa nyaraka hukadiria kwamba kila nyuzi 5 za joto zikiongezeka, kasi ya uharibifu hukaribia kurudufu. Fikiria sasa sanduku la bati, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Kwa kuificha picha kwa upendo, shangazi aliiweka kwenye tanuri la moto mdogo. Marekani, filamu asilia za safari za Apollo zinatunzwa Houston kwenye chumba chenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ya friza ya muuza samaki.

Katika ile bahasha kuna ushahidi wa kuchekesha kidogo. Mwenzake mmoja aliyebaki Njombe alileta nakala yake, iliyotoka kwenye mkanda uleule, na misonobari yake bado ina ukijani. Natamani kusema baridi ya Njombe imethibitisha kila kitu. Ila nakala mbili zinaweza kusafishwa kwa karatasi tofauti au kwa dawa iliyochoka, na hapo hesabu yote inavurugika. Basi niseme inaelekea huko.

Kinachonifurahisha zaidi ni picha ya harusi ya bibi, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa shangazi hajazaliwa. Iko ndani ya sanduku lilelile na haina neno. Picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, na fedha haisinzii upesi. Picha ya rangi nayo huanza na fedha hiyohiyo. Wakati wa kusafishwa, fedha huita rangi zijitokeze, kisha huyeyushwa na kuondolewa. Wanabaki walinzi watatu peke yao. Fedha nayo ina maradhi yake, hushika kutu ya kung'aa kingoni kama kioo, lakini humchukua muda.

Nilijaribu kuirekebisha ile picha kwa simu. Programu ikarudisha anga, ikarudisha misonobari, na fulana ya shangazi ikawa ya buluu. Shangazi anasema ilikuwa ya kijani. Mwenzake wa Njombe anasema ni buluu, maana aliwahi kuiazima. Sayani ikishavunjika, programu inakisia tu, sawa na wao.

Yule mzee wa vumbi alinisikiliza hadi mwisho na akaikubali habari ya walinzi. Kisha akaniuliza kama nimewahi kufika Mafinga mwezi wa kumi.