Mdudu wa magugu maji hali mahindi

Kila msimu wa kupanda, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: wadudu walioachiliwa Ziwa Victoria kula magugu maji watahamia mashambani. Si kweli. Mbawakavu hao, wenye asili ya Amerika Kusini kama gugu lenyewe, waliachiliwa ziwani miaka ya 1990. Hutaga mayai ndani ya gugu, na mabuu hukulia humo wakitoboa shina la jani. Kwenye mahindi hawazaliani.

Kinachochanganya ni mdomo wao mrefu, maana fukusi wa ghalani anao pia. Lakini huyo hutoboa punje. Ng'oa gugu moja ufukweni, ulitazame jani: vijikovu vya kahawia, kana kwamba limeparuzwa kwa kucha. Hiyo ndiyo alama ya mdudu wa magugu maji.

Ndugu zangu, msiusambaze tena ujumbe huo. Wavuvi wakiwaogopa wadudu hawa, watabaki kung'oa kwa mikono, na gugu huota upya upesi mno.