Samaki wa chini ya barafu hahitaji kuvutwa kwa nguvu

Wavuvi wengi wanaotoboa barafu kwenye maziwa yaliyoganda huamini kwamba samaki mkubwa akishanasa, mshipi mnene na mvuto wa haraka ndivyo vitakavyomtoa kabla hajaponyoka. Imani hii inaeleweka: tundu liko miguuni pako, samaki yuko chini yake tu, na mkono unatamani kumaliza kazi.

Lakini samaki wengi hupotea hapo hapo, kwenye ukingo wa chini wa tundu. Tundu la kawaida lina upana wa sentimita 15 hadi 25 hivi. Ukivuta kwa pupa, samaki hugonga barafu kwa ubavu badala ya kuingiza kichwa, na mshipi husagika kwenye ukingo mkali. Hata ule mnene, ukishakwaruzwa, hukatika. Kinachosaidia ni breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) iliyolegezwa kiasi, ili samaki akikimbia mshipi utoke. Akichoka, weka mshipi katikati ya tundu, subiri kichwa kielekee juu, ndipo umwinue taratibu. Kulabu yenye mpini, ya kumchomea samaki na kumtoa tunduni, ni ya samaki wa kuliwa tu. Wa kurudishwa majini ashikwe kwa mkono uliolowa.

Haya unaweza kuyapima mwenyewe. Funga mshipi kwenye mzani wa springi, vuta mpaka breki iachie, kisha linganisha kipimo na nguvu iliyoandikwa kwenye kifungashio cha mshipi. Breki ikiachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu hiyo, inatosha. Pimia nje, kwenye baridi, kwa sababu grisi ya rili huwa nzito na breki hubadilika. Halafu kwaruza kipande cha mshipi kwenye barafu, ukivute tena uone kinakatikia wapi.