Usukani Unaocheza Si Lazima Boksi Liwe Limekufa

Wenye pikapu wengi hapa Mombasa huamini kwamba usukani ukianza kucheza, yaani kuzunguka kidogo bila magurudumu kugeuka, boksi la stelingi (lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu) limekwisha, na kwamba fundi akishaikaza ile skrubu iliyo juu yake, mambo yatakuwa sawa. Imani hiyo imewagharimu wengi boksi zima.

Boksi ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa viungo. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia, magurudumu yakiwa chini, naye mwenzake aangalie chini ya gari: shafti inayoingia kwenye boksi ikizunguka na mkono wa chuma unaotoka kwenye boksi usisogee, boksi ndilo lenye hitilafu; lakini mkono ukisogea na gurudumu likabaki kimya, basi kagua tairodi, vile vyuma vinavyounganisha mkono huo na magurudumu, na maungio yake, ambayo bei yake ni nafuu mno.

Ama ile skrubu, haikuwekwa kufidia uchakavu bila kikomo. Meno ya boksi hulika zaidi katikati, kwa kuwa gari huenda moja kwa moja muda mwingi, kwa hiyo ukiikaza hadi katikati pasicheze, pembeni patabana, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kukata kona. Kwenye mzunguko wa barabara wenye matatu nyingi, hilo si jambo dogo.

Boksi likibadilishwa kweli, oili chafu imwagwe yote na hewa itolewe kabla ya safari, la sivyo pampu ya stelingi italia.