Hina, piko, wanja na singo: maswali tunayoulizwa kabla ya harusi

Pemba, pesa za karafuu zikishaingia mkononi, harusi hufuatana. Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko Wete, na miezi hiyo naulizwa habari za ngozi kuliko za homa. Siku hizi wasichana wengi wanataka kurembwa kama zamani. Wanatoa picha ya bibi sandukuni, nyeusi na nyeupe: kanga imekaa vizuri, kipini puani, kikuba cha maua kifuani, macho yamekolea wanja. Wanasema nataka hivi. Nami nafurahi, maana mambo hayo ni mazuri na mengi yake hayagharimu kitu. Mhina uko uani, asumini iko kwa jirani. Lakini si kila kinachouzwa leo kwa jina la zamani ndicho kile alichotumia bibi, na si kila alichotumia bibi kilikuwa salama.

Bibi yangu amepaka hina maisha yake yote na hakudhurika. Mbona mimi nimetiwa maua ya harusi nikababuka mikono yote?

Kwa sababu hukupakwa hina peke yake. Ulitiwa na piko. Maua yetu ya harusi huwa na rangi mbili: wekundu wa hina ndani, na mistari myeusi ya piko pembeni. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kupondwa. Piko inayouzwa madukani ni rangi ya nywele, na inayotia weusi ndani yake ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, au kwa kifupi PPD. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele, na hata kwenye nywele ina masharti: nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya asilimia 2 ya PPD katika rangi inayofika kichwani, na haziruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Piko inayokorogwa kibandani hakuna anayeipima, na inakaa kwenye ngozi mpaka ikauke.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mara ya kwanza mara nyingi haifanyi kitu. Mwili ndio kwanza unaijua. Mara ya pili au ya tatu unaikataa: baada ya siku moja hadi tatu, wakati mwengine wiki, panaanza kuwasha, panavimba, yanatoka malengelenge yanayofuata mistari ya ua lenyewe, jani kwa jani. Nimemuona bi harusi wa siku nne ameshindwa kukunja vidole. Malengelenge yakipona huacha alama nyeupe au nyeusi za miezi kadhaa, na mara nyengine kovu la kudumu.

Na mzio huo hauondoki. Mtu aliyebabuka kwa piko akiwa na miaka kumi, akija kutia rangi mvi zake akiwa na hamsini anaweza kuvimba uso mzima na macho yakafumba. Kwa hiyo nawaomba sana akina mama: mtoto wa skuli asitiwe piko siku ya Idi, hata mkia wa ua mmoja. Na nyie mnaowachora wageni ufukweni Nungwi na Paje, mgeni anaondoka na ndege kabla malengelenge hayajatoka, kwa hiyo hamuoni mnachokiacha. Kutomuona hakumaanishi kwamba hakuumia.

Basi nifanye nini niwe na maua meusi bila piko?

Weusi wa makaa hutaupata. Hina hutoa rangi ya chungwa kwanza, halafu hukolea kwa siku mbili ikawa nyekundu iliyoiva, na kwenye viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene, hufika kahawia nzito. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, nusu saa tu tayari, hiyo ni piko kwa jina jengine. Na ukisikia harufu ya petroli au mafuta ya taa kwenye bakuli, inuka uondoke.

Bibi alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi tumekipoteza: usiku mzima. Alichekecha unga wa hina kwa kitambaa, akaukanda kwa chai ya rangi na ndimu kidogo, akauacha saa kadhaa utoe rangi, kisha akapaka na kulala nayo imefungwa kwa vitambaa. Asubuhi aliipukuta, hakuiosha, na mikono haikugusa maji mpaka jioni. Ukitaka ikolee siku ya harusi, paka siku mbili kabla. Hiyo ndiyo siri yote, na haina gharama zaidi ya subira.

Mtoto mchanga anaweza kupakwa hina ya kawaida?

Hapana, hata ile safi. Huku kwetu, kama sehemu nyingi zilizokuwa na malaria kwa karne nyingi, wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda seli nyekundu za damu. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, rangi ya hina ikipenya kwenye ngozi yake laini inaweza kuzivunja seli hizo. Mtoto anakuwa mnyonge, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai. Akifika hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Mkubwa anayejua kwamba ana upungufu huo naye aiache.

Wanja je? Tumepakwa sote tangu siku ya saba.

Hapa bibi zetu hawakuwa sahihi, na nalisema kwa heshima kwa sababu bibi yangu mwenyewe ndiye aliyenipaka. Wanja wa manga, ule wa jiwe linalong'aa, mara nyingi ni galena, yaani madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto hujifikicha macho kisha akanyonya vidole, na risasi inaingia tumboni. Mara nyingi haimuui, wala haiumi kama jipu. Inapunguza damu, inapunguza uwezo wake wa kujifunza, na mama anakuja kulalamika miaka saba baadaye kwamba mtoto hashiki masomo. Mjamzito naye asipake, kwani risasi hupita hadi kwa kichanga tumboni.

Wanja wa masizi na mafuta, uliotengenezwa nyumbani, hauna risasi, ila si msafi wa kuingizwa ndani ya jicho, na usipakwe kwenye kitovu kibichi. Najua wengi wanampaka mtoto kwa kuogopa husuda. Kinga ya husuda ni dua, na dua haihitaji jiwe.

Mtu mzima anayetaka macho ya bibi anunue penseli ya macho iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho, apake nje ya kope, na asiazimane na shoga yake. Macho mekundu huhama haraka sana kwa kijiti kimoja cha wanja.

Singo ya nyumbani, ule unga wa kusugulia mwili, ina hatari gani?

Ndogo sana, na ningependa kila mtu aitumie kuliko hayo makopo. Liwa, ule mti wa kunukia, iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi, asumini, mawaridi, langilangi, mpachori, karafuu kidogo: hii ni kazi ya mikono ya wanawake wa Unguja na Pemba, na ngozi inatoka laini kwelikweli. Yapo mambo machache tu ya kuangalia. Maua yakauke kabisa kabla ya kupondwa, vinginevyo unga unaota ukungu. Ukishaurowanisha, tumia siku hiyo hiyo, kwa sababu hauna dawa ya kuzuia vijidudu. Sugua kwa kiganja, si kwa dodoki kavu. Na usipake siku uliyonyoa au kung'oa nywele, wala penye kidonda.

Pahala penye tahadhari kubwa ni mafuta ya karafuu. Pemba tunayo kwa urahisi, makonyo yanakamuliwa hapa hapa, kwa hiyo tunayachukulia kama mafuta ya nazi. Sivyo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ambayo ikipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi. Matone 3 katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi yanatosha mwili. Chupa iwekwe juu, mbali na watoto: kijiko kimoja cha chai kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kuharibu ini lake.

Mafuta ya nazi yenyewe yanafaa nywele na magoti. Usoni, mwenye chunusi asipake, yanaziba vinyweleo.

Ndimu inaondoa madoa usoni?

Inaweza kuyaongeza. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi ukatoka juani, jua huyageuza kuwa moto: ngozi inaungua na kubaki na mabaka meusi kwa wiki au miezi. Ndimu ikae kwenye samaki.

Nimeambiwa nichanganye krimu mbili tatu ning'ae kabla ya harusi.

Huo ni mkorogo, na hauna nasaba yoyote na urembo wa zamani. Ndani yake huwamo zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali (dawa za hospitali za kutuliza uvimbe), na mara nyengine vyote pamoja. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ikaonekana, mapaja yakachanika mistari, na kidonda kikachelewa kupona. Daktari wa upasuaji akitaka kukushona baada ya uzazi, ngozi haishiki uzi vizuri. Zebaki huharibu figo, na humfikia mtoto anayelala kifuani kwako na kutumia taulo lako. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo vilipigwa marufuku kufikia 2020. Bado vinauzwa. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo liache dukani, na ukilitilia shaka lipeleke kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Kama umeshatumia kwa muda mrefu, usikatishe ghafla bila kumuona mtaalamu wa ngozi. Uso unaweza kuripuka ukakutisha ukarudi kwenye kopo.

Kufukiza udi chumbani kuna ubaya?

Moshi ni moshi, hata ukinukia. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wasikae ndani. Makaa ya chetezo hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usilale na chetezo kinawaka na madirisha yamefungwa. Fukiza nguo juu ya tenga barazani, kisha zivae. Harufu itakufuata bila moshi.

Nguo za zamani nazipata mitumbani Darajani kwa bei ndogo. Naweza kuzivaa moja kwa moja?

Zioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi mpaka kwenye mishono. Mdudu wa upele haishi zaidi ya siku mbili tatu akiwa nje ya mwili wa mtu, kwa hiyo nguo isiyovumilia moto ifunge kwenye mfuko kwa siku nne. Chupi na sidiria, nunua mpya.

Nimeshapaka kitu na ngozi inawaka. Nifanye nini usiku huu?

Osha kwa maji baridi mengi na sabuni isiyo na manukato. Usitumbue malengelenge, usipake dawa ya meno, majivu wala krimu ya jirani. Weka kitambaa kilichorowa maji baridi, vua pete na bangili kabla vidole havijavimba. Uso au midomo ikivimba, sauti ikibadilika, au pumzi ikabana, usingoje asubuhi: nenda Chake, Wete, Mkoani, Mnazi Mmoja, popote palipo karibu nawe. Na uchukue kopo lenyewe, au hata kipande cha karatasi iliyofungiwa piko. Wengi wanaficha kwa aibu, wanasema ni nyuki, nasi tunapoteza saa nzima tunatafuta nyuki.