Dubu akisimama wima, hajatangaza vita

Wengi wanaopanga safari ya Alaska kupiga picha za dubu huambiwa kwamba akisimama kwa miguu ya nyuma, ndiyo anakuja kukurarua. Sivyo. Kwa kawaida husimama ili aone mbali na anuse vizuri zaidi. Anayeshambulia huja kwa miguu yote minne, na mbio zake zaweza kufika kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo usithubutu kukimbia, hata kama shuleni ulikuwa bingwa.

Za kuchunguza kwenye lenzi ni dalili nyingine: masikio yamelala nyuma, mate yanamtoka, anapiga miayo, anagonganisha meno, anapumua kwa kishindo. Hapo shusha kamera, ongea kwa sauti tulivu, rudi nyuma taratibu. Picha baadaye.

Katika hifadhi ya Katmai, hukohuko Alaska, kanuni inataka ukae walau mita 45 hivi kutoka kwa dubu, na wageni wa Brooks Camp, kambi iliyo ndani yake, hupewa kwanza somo la usalama. Nenda Julai, samaki aina ya samoni wanaporuka maporomoko ya Brooks Falls. Majukwaa ya mbao ya kutazamia dubu hujaa watu, na lenzi ya milimita 400 inatosha kabisa.