Je, wajua kwa nini kocha hufukuzwa kwa makosa ya ofisini?

Katika vibanda vya kuonyeshea mpira jijini Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, timu ikifungwa mechi tatu mfululizo lawama zote humwendea kocha, na ni nadra mtu kuuliza ni nani aliyewasajili wale wachezaji na kama kocha mwenyewe alishauriwa.

Kwa kawaida kocha hupendekeza mchezaji, bodi huidhinisha fedha, kisha mtendaji mkuu huenda kujadiliana bei. Hatua moja ikikwama, kocha huingia uwanjani na pengo alilokwisha kulitaja.

Manchester United ya mwaka 2013 inaonyesha jambo hili waziwazi. Wengi hukumbuka kustaafu kwa kocha Alex Ferguson na kusahau kwamba David Gill, aliyekuwa mtendaji mkuu tangu 2003, aliondoka wakati huohuo, hata David Moyes akajikuta kocha mgeni anayemtegemea mtendaji mkuu mpya, Ed Woodward, mgeni kama yeye. Kiungo Marouane Fellaini wa Everton angenunuliwa kwa pauni milioni 23.5 kabla ya Julai kwisha, kwani mkataba wake uliruhusu. Alisajiliwa siku ya mwisho ya dirisha la usajili kwa milioni 27.5. Aprili 2014 Moyes alifutwa kazi, na mabingwa watetezi wakamaliza wa 7. Sisemi kwamba Moyes hakukosea, lakini Ferguson mwenyewe, aliyeajiriwa Novemba 1986, alisubiriwa hadi 1990 ndipo akaleta kombe la kwanza.

Hapa kwetu, Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama, na viongozi wake huchaguliwa kwa kura. Utaratibu huo ninaupenda, ila mwenyekiti anayewania kura huwa na subira fupi, na kocha aliyeletwa na mwenyekiti aliyeshindwa huonekana mtu wa kambi ile. Gor ilikaa miaka 18 bila ubingwa wa ligi, tangu 1995 hadi 2013, na katika kipindi hicho mivutano ya uongozi na ukata havikuisha. Mishahara ikichelewa, nidhamu ndiyo hutangulia kulegea: asubuhi ya mazoezi wanafika wachezaji 14 kati ya 25, wengine wamekosa nauli ya matatu, kocha hana uso wa kuwakaripia, na badala ya kupanga mbinu za Jumapili anaanza kumpigia simu mweka hazina.