Maharage yale yalikuwa na njaa

Februari moja mvua ilikata siku kumi na mbili upande wa Sikonge, mkoani Tabora kunakolimwa tumbaku. Saa saba mchana nilikuwa nimechuchumaa shambani kwa mzee mmoja aliyechanganya mahindi na maharage, mkononi nina kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola. Hewa ilikuwa nyuzi 33, jani la maharage 38.

"Bwana shamba, hayo yana kiu," mzee akasema kutoka kivulini mwa mwembe.

Nikamjibu kiu ipo, ila kinachoyamaliza saa hii ni njaa. Akanicheka. Basi nikahamia mwembeni, maana maelezo yenyewe yanataka kukaa.

Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa stomata. Humo ndimo inamopita hewa ya ukaa, malighafi ya usanisinuru, yaani kazi ya mmea kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, na humo humo ndimo maji yanamotoka kama mvuke. Mlango ni mmoja tu, kwa hiyo mmea hauli bila kumwaga maji. Udongo ukikauka, mmea unafunga. Ukifunga, jasho lake linakoma, na jani linapata joto kuliko hata hewa inayolizunguka. Ndiyo hizo nyuzi 38. Wakati huo ukaa uliobaki ndani unapungua, na jua halijui kwamba mlango umefungwa, linazidi kumimina mwanga.

Hapo ndipo kasoro ya rubisko inapojitokeza. Rubisko ni kimeng'enya kinachokamata ukaa ili ugeuzwe sukari, lakini mara nyingine kinakosea na kukamata oksijeni. Joto likipanda na ukaa ukipungua, makosa yanaongezeka. Kila kosa linazaa taka ambayo mmea lazima uisafishe, na usafi huo unakula nguvu na kurudisha hewani sehemu ya kaboni iliyokwisha kupatikana. Tena kuna protini nyingine, rubisko aktivesi, ambayo kazi yake ni kuzibua rubisko iliyokwama. Hiyo nayo haipendi joto. Katika mimea mingi inaanza kulegea kabla rubisko yenyewe haijadhurika. Kwa mtazamo wangu huyu msaidizi ndiye anayestahili kutazamwa zaidi, ingawa sifa zote anapewa bosi wake.

Mzee akanionyesha mahindi yake. Yalikuwa yamejikunja kama sigara, lakini rangi ilikuwa bado ya kijani. Mahindi, mtama, uwele na miwa vina ujanja: vinakusanya ukaa kwanza, kisha vinaurundika kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, ambako rubisko imekaa. Ukaa ukijaa hivyo, oksijeni haipati nafasi. Maharage, mpunga, karanga na mihogo havina ujanja huo. Tumbaku pia haina.

Na tumbaku ndiyo iliyomfanya mzee akae sawa. Kwa watafiti wa usanisinuru, mmea huu ni kama panya wa maabara: kuupandikiza jeni ni rahisi, na mbegu zake ni nyingi mno. Mwaka 2018 RIPE, mradi wa kuboresha usanisinuru wa mazao wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ulitangaza tumbaku iliyoongezewa protini moja, PsbS, ili stomata zisifunguke kupita kiasi. Ikapoteza maji pungufu kwa takriban robo kwa kila kiasi cha ukaa ilichoingiza. Mwaka 2019 wakatoa nyingine iliyopewa njia ya mkato ya kusafisha taka za rubisko, na shambani ikajenga mwili kwa takriban asilimia 40 zaidi. Mimi sishangilii haraka. Uzito wa majani si gunia la maharage, na ukame wa Sikonge si shamba la Illinois. Hapa kwetu, isitoshe, mwaka 2021 Serikali ilisitisha majaribio ya mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa jeni.

Kwa hiyo nilichomwachia mzee ni cha kawaida kabisa: afunge matuta kwa vizuizi ili maji ya mvua yasikimbie, na mabua ayaache yafunike udongo badala ya kuyachoma. Unyevu ukikaa siku tatu zaidi, mlango wa jani unakaa wazi siku tatu zaidi. Mabua akayakataa kwanza, ng'ombe wa jirani wanayala, na hilo sina jibu lake.

Nilipokuwa nafunga begi akauliza, "Hiyo tumbaku ya Wamarekani, kuni za bani la kukaushia inakula kidogo?"

Nikamwambia hapana. Majani yakiongezeka, kuni nazo zinaongezeka. Akautazama msitu uliobaki nyuma ya nyumba yake, miti ya kuhesabu, akaniambia basi hiyo wabaki nayo, yeye wamletee ya maharage.